Priampu ya valvu ya bei chee inanguruma na besi haipo: nianze kubadilisha nini?

Kinyozi wa Chang'ombe

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za saa hizi.

Mimi ni kinyozi, nina saluni ya viti viwili hapa Chang'ombe, Dodoma. Mwaka jana mteja wangu mmoja, mzee mstaafu wa reli, aliniuzia mashine ya santuri pamoja na kreti la santuri zake. Nyingi ni dansi za miaka ya sabini, na nne ni zile nzito za kasi ya 78. Alisema wanawe hawazitaki na panya wameshaanza kuonja majalada. Tangu hapo Jumapili saluni inajaa, mpaka wenye vipara wanakuja.

Amplifaya yangu haina tundu la phono (la kuingizia mashine ya santuri), kwa hiyo niliagiza mtandaoni priampu, kisanduku cha Kichina cha valvu cha kukaa kati ya santuri na amplifaya, elfu themanini na tano pamoja na usafiri. Kina valvu (vichupa vya kioo vya kupitishia sauti) mbili ndogo aina ya 6J1 zimechomoza juu, na adapta yake ni ya 12V AC, umeme wa kwenda na kurudi. Usiku nikizima taa zinawaka rangi ya chungwa kama jiko la mkaa. Kwa macho, nimeridhika. Kwa masikio sasa:

Kuna mngurumo. Nikiwasha kuna kimya cha kama sekunde kumi, halafu unaingia taratibu, "mmmmm", kama nyuki mkubwa kafungiwa kwenye chupa. Hauongezeki wala haupungui nikigusa kitu.

Besi hakuna. Gita la besi nalisikia kwa sababu nalikumbuka tu. Rumba inachezwa kama imepigwa pasi.

Na nikiwasha mashine ya kunyolea kwenye kiti cha karibu na santuri, inaunguruma hadi kwenye spika. Mteja mmoja aliniuliza kama nanyoa redio.

Nilichofanya mpaka sasa: nilisoma kwamba siri iko kwenye valvu, nikatafuta jozi ya Kisovieti, 6Ж1П, ambayo inaingia soketi ileile. Zikanigharimu elfu thelathini na tano. Siku mbili nzima nilikuwa naapa kwamba sauti imenona. Siku ya tatu nikamwita dogo wa duka la jirani, nikamkalisha amegeuka ukutani, nikawa nabadilisha bila kumwambia. Akasema zote sawa, "ila kaka, hiyo kitu inanguruma." Halafu nikasikia kwamba DC, umeme wa upande mmoja, ni safi kuliko AC, nikachomeka adapta ya ruta ya 12V. Valvu ziliwaka kama kawaida lakini sauti ikawa ya mtu aliye ndani ya debe. Nikarudisha ya mwanzo haraka.

Pasi ya kulehemu ninayo, mita ya elfu kumi na tano ninayo, na mkono wangu hautetemeki maana nashika wembe kila siku. Nipeni mpangilio.

Msela wa Tabata

Kaka, pole. Hizo za 6J1 ni mapambo. Uza, jipange, chukua yenye valvu za 12AX7 na volti za kueleweka. Mimi nilihangaika na ya kwangu miezi mitatu nikaishia kumpa shemeji.

Fundi Mstaafu, Kondoa

Marahaba mwanangu. Hongera kwa jaribio la dogo. Watu wazima wenye hela zao hawathubutu kulifanya, wanaogopa jibu.

Huyu wa Tabata hajakosea sana, ila usiuze bado. Mimi nilianza kushika pasi ya kulehemu mwaka 1974. Redio za valvu zilikuwa bado zinaletwa kwangu zimefungwa kwenye khanga, na mwenye redio alikuwa ameshajua ugonjwa: valvu. Valvu ilikuwa inasingiziwa kila kitu, kama mkwe. Mara nyingi nilikuta kapasita, kile kifaa cha kutunza chaji, imekauka.

Chomoa adapta, fungua kisanduku. Utakuta aisii (chipu) ya miguu minane, nahisi imeandikwa 5532. Hiyo ndiyo inayofanya kazi ya phono. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, kwa mkunjo uitwao RIAA, unaotumika tangu 1954. Priampu lazima iupindue: ukilinganisha na 1,000 Hz (mitikisiko kwa sekunde), kule chini kwenye 20 Hz inapandisha desibeli kama 19, na kule juu kwenye 20,000 Hz inashusha karibu 20. Kwako hesabu hiyo yote inamalizwa na aisii pamoja na rezista na kapasita chache pembeni yake. Valvu inapokea sauti iliyokwisha kupikwa. Ndiyo maana za Kisovieti hazikuleta mabadiliko. Na hiyo rangi ya chungwa, samahani kwa kukuharibia usiku, ni taa ya LED imewekwa chini ya soketi. Hita ya 6J1 yenyewe, uzi wa kuipasha valvu joto, inawaka kidogo sana, unaiona ukikaribisha jicho gizani.

Sasa mngurumo. Umesema unaingia baada ya sekunde kumi. Wengi wangekwambia basi ni valvu, maana ndiyo inayosubiri joto. Si lazima. Valvu ikiwa mwishoni mwa njia ni kama mlango: hata mngurumo uliotoka kwenye mashine ya santuri hautasikika mpaka mlango ufunguke. Kwa hiyo pima hivi. Chukua jeki mbili mbovu za RCA, kila moja unganisha kati na pembeni kwa kipande cha waya, zichomeke mahali pa santuri. Mngurumo ukikata, angalia nyaya na ethi ya mashine ya santuri. Ukibaki, uko ndani ya kisanduku.

Dau langu ni kwamba uko ndani. Kwenye bodi nyingi za namna hiyo hita zinalishwa AC ileile ya adapta. Valvu mbili zimefuatana, volti 6.3 kila moja, jumla 12.6, na mkondo wa miliampea kama 170. Umeme huo unapiga 50 Hz sentimita moja kutoka kwenye kathodi, sehemu ya valvu inayopashwa joto na hita. Dawa ni kuzipa DC hita peke yake na kuacha sehemu nyingine ya bodi na AC yake. Ulipoweka ya ruta kwenye tundu kuu ulinyima bodi nzima: inatumia AC kutengeneza volti za chanya na za hasi, ukiipa DC upande mmoja unalala na aisii inabaki na mguu mmoja. Hita hazichagui, ndiyo maana ziliendelea kuwaka.

Usinunue kitu bado. Azima betri ya bodaboda. Ni volti 12 na ushee, kama imetengenezwa kwa ajili ya hizo hita, na ya 5 Ah itakaa siku nzima. Ng'oa valvu, tafuta kwa mita mguu wa 3 na wa 4, ndiyo ya hita, kwenye kila soketi, fuata njia ya shaba mpaka inapotokea tundu la adapta. Kata pande zote mbili kwa wembe, hilo sina haja ya kukufundisha. Hapo lehemu waya mbili za betri, weka fyuzi ya ampea 1 kwenye chanya, na hasi ifunge kwenye ethi ya bodi, sehemu moja tu. Ukisikia mtu anakwambia weka daraja la dayodi (dayodi nne za kugeuza AC kuwa DC) kwenye AC hiyohiyo kisha ufunge hasi kwenye ethi, mkatalie. Upande mmoja wa AC tayari ni ethi ya bodi, utakuwa umepiga shoti nusu ya wimbi na dayodi itakufukia moshi.

Kuhusu besi nataka namba mbili kutoka kwako. Kapasita za kutolea sauti, karibu na jeki za nyuma, zimeandikwa ngapi? Na ukiwa umezima amplifaya, pima kwa mita kati ya pini na kingo ya jeki yake ya kuingizia: ohm ngapi?

Kinyozi wa Chang'ombe

Mzee wangu, nimekaa na swali lako jana usiku kucha.

Aisii ni 5532 kweli. LED nimeiona, nimehuzunika, nimeiacha.

Jeki za kufungia nimetengeneza. Mngurumo uko palepale, hata haukushtuka. Nina programu ya simu inayochora sauti kwa mistari, mstari mrefu uko kwenye 50.

Betri nimeazima kwa kijana wa boda anayeegesha hapa mbele, akanipa kwa masharti nimrudishie kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Nimekata, nimelehemu, nimewasha. Sekunde kumi zikapita. Nikadhani nimeharibu kitu kwa sababu kulikuwa kimya. Nikaongeza sauti mpaka robo tatu, nikasikia mchwiii mdogo tu, basi. Mstari wa 50 haupo.

Kapasita za nyuma zimeandikwa 104. Amplifaya inasoma 9.8k.

Fundi Mstaafu, Kondoa

Basi besi yako imeshajieleza yenyewe.

104 ni mikrofaradi 0.1. Kapasita na hizo 10k zinafanya chujio, na mpaka wake ni 1 gawanya kwa 2 × 3.14 × ohm × faradi. Piga hesabu: 159 Hz. Waya mnene wa gita la besi ni 41 Hz, kwa hiyo kwenye spika zako inafika robo tu ya volti yake. Aliyetengeneza kisanduku pengine alifikiria amplifaya ya 100k, hapo mpaka ungekuwa 16 Hz na hakuna ambaye angelalamika. Kisanduku na amplifaya kila kimoja ni kizima, wamekosana kwenye ndoa tu.

Weka 1 mikrofaradi, imeandikwa 105, ya filamu, volti 63 au 100. Mpaka utashuka hadi 16 Hz. Usichukue 10 kwa tamaa. Santuri zilizopinda zina mawimbi ya chini kabisa ambayo hayasikiki lakini yanasukuma koni ya spika ndani nje kama kifua cha mbio, na spika za saluni hazitavumilia. Kapasita ya 1 ni nene kuliko tundu lake, ilaze na ifunge isicheze.

Mwalimu wa Fizikia, Mpwapwa

Kaka Kinyozi, mimi nitasemea mashine ya kunyolea maana naona wameiruka. Hiyo ya waya ina sumakuumeme ndani inayotikisa meno kwa umeme wa 50 Hz. Katriji yako, kile kichwa kinachoshika sindano, nayo ni sumaku na koili, inatoa milivolti nne au tano tu, na haijui kutofautisha sumaku ya sindano na sumaku ya mashine. Hakuna kapasita itakayokutibia hilo. Hamisha santuri mpaka kona ya mbali, au kwenye kiti cha karibu tumia ya kuchaji. Adapta ya priampu nayo iondoe chini ya mashine ya santuri, ina transfoma ndani.

Jingine. Kuanzia Juni hewa ya Dodoma inakauka na upepo unaleta vumbi. Santuri inajaza umeme tuli, inavuta vumbi lote la Chang'ombe, halafu unasikia popo popo unadhani ni bodi. Futa kwa kitambaa laini chenye maji ya betri, yale ya kuongezea, SI ASIDI, na tone la sabuni ya vyombo. Na spiriti unayowapaka wateja shingoni isikaribie zile nne za kasi ya 78. Zile ni za shelaki, spiriti inaziyeyusha. Sindano ya kawaida pia ni nyembamba mno kwa mifereji yake, inazama mpaka chini na kukwaruza tope.

Kinyozi wa Chang'ombe

Dada, la spiriti umeniwahi. Chupa nilikuwa nayo mkononi.

Marejesho: kapasita za 105 nimezikosa maduka mawili karibu na soko la Majengo, la tatu akawa nazo za volti 250, nene kama karanga za kuchemsha. Nimezilaza na kuzifunga kwa gundi ya moto. Kazi ya kutoa za zamani ilinichukua muda kuliko kuweka mpya, maana risasi ya kiwandani ilikuwa haitaki kuyeyuka mpaka nilipoongezea yangu juu.

Besi ipo. Sikujua kama kwenye santuri moja, upande wa pili, kuna mtu anagonga mguu sakafuni kabla gita halijaingia. Mzee wa reli alikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, akaniambia nizime mashine kwanza mpaka upande uishe. Nikazima.

Hita sasa nimezipa adapta ya ruta, kwenye waya zake mwenyewe. Ina kafilimbi kadogo juu sana nikiongeza sauti bila santuri, wimbo ukianza sikasikii. Mzee, hako kafilimbi nako kana dawa, au niache?

Fundi Mstaafu, Kondoa

Adapta hiyo ni ya kukatakata umeme, ina kelele zake. Jaribu kapasita ya 1,000 mikrofaradi, volti 25, kwenye waya za hita karibu na soketi, na angalia chanya na hasi usizipishanishe. Ikigoma tafuta adapta nzito ya zamani yenye transfoma iliyoandikwa 12V DC, ila pima kwanza: nyingi zikiwa bila mzigo zinatoa 16 na zaidi. Zikiwa na valvu zako zisizidi 13.

Na ile betri?

Kinyozi wa Chang'ombe

Niliirudisha saa kumi na moja na nusu alfajiri, boda ikawaka kwa kiki ya pili. Ananidai kunyolewa mara mbili.