Bweha wanamaliza kuku wangu Mufindi, jirani anataka tutege sumu

TeteaMweusi: Kamwene wadau. Nafuga kuku wa kienyeji nje kidogo ya Mafinga. Nyuma ya nyumba kulikuwa na majani marefu na vichuguu, mwenye eneo akauza, sasa ni mipaini mitupu. Tangu matawi yake yafungane juu, bweha giza likiingia tu wako uani. Juzi wamembeba tetea aliyekuwa analalia, mayai wakanywa. Jirani anasema tupake dawa ya wadudu kwenye utumbo wa mbuzi, tuutege njiani. Nina mbwa na watoto, nasita. Nyie mnafanyaje?

Mtu wa Usangu: Dada, usithubutu! Huku mtu alimtegea fisi hivyo hivyo. Kulipokucha, mbwa wake mwenyewe kakauka, na tai wamelala kuzunguka mzoga, mmoja bado ana nyama mdomoni. Fisi hata hakuonekana. Halafu sheria ya wanyamapori ya 2009 inakataza sumu.

Babu Miti: Mwanangu, ncha ya mkia wake ni nyeupe? Basi ni bweha miraba. Huyo hula panya, wadudu, matunda ya porini na mizoga, na huzalia kwenye vichuguu na mashimo ya muhanga, yule mnyama anayechimba mchwa. Mipaini ikishafunga, chini ni sindano tu: majani hakuna, panya hakuna. Nimepanda miti maisha yangu yote, najua ninachosema. Ila njaa peke yake haimleti uani kwa watu. Kuku wanaokufa kwa kideri hapo kwenu hutupwa wapi?

TeteaMweusi: Mimi nafukia, baba. Ila wa broila pale juu anamwaga korongoni, ndoo kwa ndoo.

Babu Miti: Eeh, si umeona! Mizoga hiyo ndiyo inayowavuta. Achimbe shimo refu, afukie. Wewe zungushia banda wavu wa waya, uzike futi moja chini maana wanachimba, na kuku waingie kabla jua halijazama. Anayelalia alale ndani. Mbwa wachanjwe, kwani wao na bweha huambukizana kichaa cha mbwa. Ukimwona bweha mchana kweupe hakimbii watu, udenda unamtoka, kaa mbali. Aking'ata mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo.

TeteaMweusi: Asante baba. Wa broila ni shemeji yangu, nitamwendea na mwenyekiti wa kitongoji. Nikienda peke yangu atanipa soda tu tucheke.