Naomba ushauri: nachaguaje almasi nzuri ya pete ya uchumba kwa milioni 4?

Kijana wa Isamilo

Wakuu habari za jioni.

Nipo Mwanza, nina miaka 31, mwezi wa 12 Mungu akipenda namvisha pete mwenzangu. Yeye ni nesi, mimi nauza vifaa vya ujenzi, tumeanza pamoja tukiwa hatuna kitu huu ni mwaka wa 6. Mshenga alishaenda, wazee wameelewana, mambo ya mahari yapo kwenye mstari. Pete ndo nimeiacha iwe yangu mimi na yeye. Nimeweka pembeni milioni 4, hela ya kudunduliza toka mwaka juzi, kwa hiyo naogopa sana kuichoma.

Sasa wiki iliyopita nilikuwa Dar kufuata mzigo nikaingia duka moja la vito (jina naliacha). Wakanionyesha pete ya dhahabu nyeupe yenye jiwe wanasema almasi ya asili, karati 1, VVS (eti daraja la juu la usafi), wananiachia kwa milioni 3 na laki 8 na cheti juu. Inang'aa balaa. Muuzaji akaigusa na kalamu ya kupimia ikalia pii, akaniambia umeona mwenyewe. Cheti nimekipiga picha, juu kina jina la duka lao, chini muhuri. Nimeomba wiki 2 za kujifikiria.

Naomba mnisaidie, almasi nzuri unaijuaje? Na shangazi ananisisitiza nichukue karati 18, dukani wananiambia karati 1, hapo nimechanganyikiwa kabisa.

Sonara wa Kisutu

Kijana hongera kwanza. Na hongera ya pili kwa kuomba muda, wengi wanalipa palepale.

Nianze na karati. Shangazi yako anaongelea dhahabu, karati 24 ni dhahabu tupu, ya 18 ina dhahabu asilimia 75 na iliyobaki ni metali nyingine za kuipa ugumu. Dukani wanaongelea jiwe, huko karati ni uzito, karati 1 ni gramu 0.2, na imegawanywa pointi 100, kwa hiyo ukisikia jiwe la pointi 40 ni karati 0.40. Wote wawili wako sahihi, wanaongelea vitu viwili tofauti.

Kuhusu hiyo pete, almasi ya asili karati 1 yenye usafi wa VVS, na dhahabu, na ufundi, vyote kwa milioni 3 na laki 8, hiyo bei haipo. Nipo kwenye hii kazi miaka 20. Na cheti cha duka lenyewe hakina kazi, muuzaji hawezi kujisahihishia mtihani. Unachotaka ni cheti cha maabara ya nje ya duka, GIA ya Marekani ndo wanaoaminika zaidi kwa mawe ya asili, IGI ni maabara nyingine, utaiona sana kwenye almasi zinazotengenezwa na binadamu. Cheti kina namba, unaingia kwenye tovuti yao unaiandika, kila kitu kinatokea, uzito, rangi, vipimo vya jiwe kwa milimita. Halafu namba hiyohiyo mara nyingi imechorwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe, unamwambia akupe lenzi ya mara 10 uisome mwenyewe. Cheti cha kweli kinaweza kubandikwa kwenye jiwe lisilo lake, kwa hiyo hiyo hatua ya kusoma ukingo usiiruke.

Na ile kalamu. Inapima jiwe linavyopitisha joto, basi. Moisanaiti nayo inapitisha joto vizuri, kalamu ya kawaida italia vilevile.

Kijana wa Isamilo

Mkuu asante sana. Moisanaiti ndo nini, ni feki?

Sonara wa Kisutu

Ni jiwe lake lenyewe, linatengenezwa viwandani, gumu sana, 9.25 kwenye kipimo ambacho almasi ni 10. Akikuuzia kama moisanaiti kwa bei ya moisanaiti hakuna kosa, kosa ni kukuuzia kama almasi. Ukitaka kuitambua, chukua lenzi, angalia jiwe kwa pembeni kidogo usiangalie moja kwa moja kutoka juu, tazama mistari ya nyuma ya jiwe. Kwenye moisanaiti mistari inaonekana miwili miwili kama umevaa miwani ya mtu. Almasi mstari unabaki mmoja. Ikimetameta rangi nyingi mno kama upinde wa mvua nayo ni dalili.

Bin Seif Deira

Mie nipo Dubai, nafanya kazi karibu na soko la dhahabu pale Deira. Ndugu yangu kama una mtu huku mwambie akutazamie, bei ya dhahabu ya siku inajulikana kwa kila mtu, mnachobishania ni ufundi tu. Ila kwenye almasi huku nako fungua macho, taa za madukani zinafanya hata chupa ing'ae. Mimi nilipomnunulia mke wangu nilimwomba muuzaji tutoke na jiwe mpaka mlangoni kwenye mwanga wa kawaida, akakataa, nikaenda duka la tatu wakakubali. Jiwe zuri likiwa kivulini linang'aa bado. Lile baya ukilitoa kwenye taa linakuwa kama kioo cha dirisha.

Mwana Maganzo

Wakuu kuna jamaa kanifuata inbox anataka kumuuzia mleta uzi jiwe ghafi kutoka huku kwetu eti atalikata Dar. Naomba niongee hili kwa uchungu maana nimezaliwa Maganzo, mgodi wa almasi wa Mwadui uko hapo jirani, baba yangu alifanya kazi mle ndani.

Kwanza kununua almasi ghafi bila leseni ni kosa kisheria, haijalishi unanunua kajiwe kamoja ka kumvisha mchumba. Pili vijana wengi wanauziwa kipande cha kwatzi au kioo kilichosuguliwa. Tatu hata likiwa almasi kweli, kukata almasi sio kama kukata tanzanaiti, na jiwe likikatwa, zaidi ya nusu ya uzito inaweza kupotea. Lile jiwe la waridi la Mwadui la mwaka 1947, ambalo Williamson mwenye mgodi alimpa Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza, kama zawadi ya harusi, lilitoka ardhini na karati 54.5, lilipokatwa likabaki 23.6. Na hapo walikata mafundi wakubwa. Sasa wewe na kajiwe kako ka karati 1 utabaki na nini?

Dada Mtaalam wa Mawe

Nimesoma jemolojia, yaani elimu ya vito, Arusha, nafanya kazi ya kupanga mawe, naomba niongezee kwenye swali lenyewe la jiwe zuri unalijuaje maana watu wametaja VVS VVS kana kwamba hiyo ndo kila kitu.

Mdogo wangu, almasi inapimwa kwa mambo manne, uzito, rangi, usafi na mkato. Matatu ya kwanza kwa sehemu kubwa yametoka na jiwe ardhini. La nne ni kazi ya mkono wa binadamu, na hilo ndilo linalofanya jiwe liwake. Mkato ukiwa sawa, mwanga unaingia juu, unagonga kuta za ndani, unarudi juu kwenye jicho lako. Jiwe likiwa na tumbo refu kuliko inavyotakiwa mwanga unatokea pembeni, katikati panaonekana peusi. Likiwa bapa sana mwanga unapita chini na unaona duara la kijivu kama jicho la samaki. Na wakataji wanaacha tumbo makusudi ili uzito usipungue maana linauzwa kwa uzito, kwa hiyo unaweza kulipia karati ambazo zimejificha chini huzioni, na jiwe likiwa juu ya kidole linaonekana dogo kuliko la mwenzio lenye uzito mdogo.

Kwa jiwe la mviringo usikubali chini ya daraja la juu kabisa la mkato, kwenye cheti cha GIA utaona limeandikwa Excellent. Angalia pia kina cha jiwe kiwe kati ya asilimia 59 na 62.5 hivi ya upana wake, na uso bapa wa juu asilimia 54 mpaka 58 ya upana huohuo. Hapo usibane hela hata kidogo.

Pa kubana ni kwingine. Usafi unapimwa kwa lenzi ya mara 10, VS2 ni daraja la chini ya VVS, lakini kwa macho matupu kwenye jiwe la ukubwa wako huoni kitu, hata baadhi ya SI1 iliyo chini yake, kwa nini ulipie VVS ambayo hata mama mkwe haoni tofauti? Rangi zinaanza D ambayo haina rangi kabisa mpaka Z yenye unjano, G au H ni nyeupe tosha. Ukitumia dhahabu ya njano hata I inakubali kabisa maana unjano wa dhahabu unaumeza ule wa jiwe. Na uzito, bei inaruka kwenye namba za mviringo, 0.50, 1.00. Chukua 0.46 kama ulitaka nusu karati, tofauti ni sehemu ndogo sana ya milimita.

Mlimani Tech

Kwa nini usichukue tu almasi ya maabara? Kikemia ni almasi ileile, kaboni ileile, ugumu uleule, bei zimeshuka sana miaka hii. Kwa milioni 4 anapata karati 1 na zaidi yenye cheti cha kweli na chenji inabaki ya kununua kiwanja.

Dada Mtaalam wa Mawe

Mlimani uko sahihi, ni almasi, na hakuna sonara anayeweza kuitofautisha kwa macho, inahitaji mashine. Ninachosisitiza ni mwenzake ajue. Akae naye amuulize, wapo wanaopenda jiwe kubwa na hawajali limetoka wapi, wapo ambao kwao kutoka ardhini ndo maana yenyewe. Ila asinunue yoyote kati ya hizo kama akiba. Siku ukirudi dukani dhahabu watakupimia kwenye mzani wakulipe, jiwe watakupa bei ambayo itakuumiza roho.

Mama Nadia

Mnaongea jiwe tu hamuongelei mkono unaolivaa. Mwanangu umesema mwenzako ni nesi. Mimi ni mkunga mwaka wa 14, pete yangu ya kwanza jiwe lilikaa juu limeshikwa na makucha manne, kila nikivaa glavu inachanika, nikawa naiacha nyumbani kwenye kopo. Siku nimeivaa kwenda harusini kucha moja ilikuwa imelegea sijui, nimerudi nyumbani tundu tupu. Nililia mpaka mume wangu akadhani kuna msiba.

Mwambie sonara jiwe likae chini na lizungushiwe dhahabu pande zote, halikwaruzi glavu wala halinasi kwenye nguo ya mgonjwa. Na dhahabu nyeupe inapakwa rodiamu juu, ni metali nyeupe, ikichakaa inaanza unjano unarudi kwa sonara kupaka tena, kwa mtu anayenawa mikono mara 40 kwa siku bora ya njano tu. Kipimo cha kidole chukua jioni, asubuhi vidole vimesinyaa.

Mwana Maganzo

Mama Nadia kanikumbusha kitu. Almasi inapenda mafuta, zamani migodini walikuwa wanapitisha changarawe na maji juu ya meza zilizopakwa grisi, mawe mengine yanasombwa, almasi inanasa. Kwa hiyo losheni na mafuta ya kupikia yanaganda chini ya jiwe na linafifia. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini, jiwe linarudi kama jipya.

Kijana wa Isamilo

Wakuu narudisha mrejesho. Samahani nimekaa kimya siku 9.

Nilirudi Dar. Pale dukani nikaomba namba ya cheti cha maabara ya nje, wakasema kinafuatiliwa. Nikatoa lenzi niliyoazimwa, nikaangalia kwa pembeni kama sonara alivyonielekeza, mistari miwili miwili, nimeiona kwa macho yangu. Nikawashukuru nikatoka, sikutaka ugomvi.

Mwenzangu nilimuuliza kwa kuzunguka, nikamwambia rafiki yangu ndo ananunua pete. Akaniambia yeye angekuwa ndo anavishwa angetaka jiwe la ardhini hata liwe dogo kama mbegu ya nyanya. Nikaelewa.

Nimepata kwa sonara mwingine mawe mawili ya mviringo yote yana cheti cha GIA. La kwanza 0.50, rangi F, VVS2, mkato daraja la 3, kina asilimia 64. La pili 0.43, rangi G, VS2, mkato daraja la juu, kina 61.6. Namba nimezihakiki kwenye simu palepale na nimezisoma ukingoni, ingawa ya pili ilinichukua dakika 10 nzima kuiona. Tukatoka nayo mpaka kibarazani, mvua ilikuwa inanyesha hakuna jua kabisa, nikayaweka kwenye karatasi nyeupe. Kama nisingesoma uzi huu ningechukua lile la VVS. Lakini pale kwenye mwanga wa mawingu lile dogo lilikuwa linawaka na kubwa limenuna.

Nimelipa milioni 2 na laki 4 kwa jiwe, iliyobaki inaingia kwenye dhahabu ya njano karati 18, jiwe linazungushiwa kama Mama Nadia alivyosema. Saizi nimeichukua kwenye pete yake ya fedha aliyosahau kwenye dashibodi ya gari. Sonara anaanza kazi Jumatatu.

Mama Nadia

Mwanangu hiyo pete ya fedha irudishe palepale kabla hajaiulizia.