Amri zipi niweke kwenye prosesa ili kompaila ya C ipate urahisi?

Swali
Wakuu, nasanifu prosesa ya biti 32 ya kuweka kwenye FPGA (chipu unayoweza kuipanga saketi zake mwenyewe), rejista 16 (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa), programu zote zitaandikwa kwa C. Nataka niongeze amri ya kuita fankisheni inayohifadhi rejista yenyewe, na nyingine ya kutafuta anwani ndani ya safu huku ikikagua mipaka. Zitaisaidia kompaila, au nitakula saketi bure?

Jibu 1
Mkuu, achana nazo zote mbili. Kompyuta ya VAX ya 1977 ilikuwa nazo: CALLS ya kuita fankisheni na INDEX ya safu. Kwenye VAX-11/780, INDEX ilipitwa mwendo na mfululizo wa amri ndogo zinazofanya kazi ileile! Amri kubwa hutekeleza kila hatua, hata pale kompaila inapojua kwamba namba ya nafasi kwenye safu, *i*, haiwezi kuvuka mpaka. CALLS nayo hujenga fremu nzima (eneo la fankisheni kwenye staki, yaani rundo la kumbukumbu la miito) kwa fankisheni ya mistari miwili.

Amri ya kuita iandike anwani ya kurudi kwenye rejista, basi. Fankisheni isiyoita nyingine inaweza isiguse staki kabisa. Kwa rejista 16, tazama mgawanyo wa RV32E, toleo la rejista 16 la usanifu wa prosesa wa RISC-V: sita za kupokea vigezo (a0–a5), tatu za muda, mbili ambazo fankisheni inayoitwa lazima izirudishe zilivyokuwa, na x0 ambayo ni sifuri daima.

Jibu 2
Naongezea: usiweke flagi (biti zinazotunza matokeo ya hesabu ya mwisho, mfano kama ni sifuri). Kama kila ADD inazibadilisha, kompaila haiwezi kupenyeza hesabu kati ya kulinganisha na kuruka. Amri ya kuruka ilinganishe rejista mbili papo hapo, kwa namba zenye alama (zinazoweza kuwa hasi) na zisizo na alama.

Konstanti ndizo huleta balaa. RISC-V hupakia biti 20 za juu kwa LUI, kisha ADDI hujumlisha 12 za chini, ambazo husomwa kama namba yenye alama (−2048 hadi 2047). Kwa hiyo 0x12345FFF ni LUI 0x12346, halafu ADDI −1. Ukisahau kuongeza moja juu, unapata 0x12344FFF, na kosa hujitokeza tu pale biti ya 11 ikiwa 1.

Jibu 3
Usisahau kusoma baiti kwa namna mbili, yenye alama na isiyo nayo. Ukiweka moja tu isiyo na alama, kila *signed char* (baiti yenye alama kwenye C) itadai kusogeza kushoto biti 24 kisha kulia 24. Na rejista ya staki ikubali kila amri ambayo rejista nyingine zinakubali. Kila ubaguzi kati ya rejista ni kanuni nyingine utakayoiandika kwenye kigawa rejista cha kompaila, sehemu inayochagua thamani ipi ikae rejista ipi.