Mkandarasi wa nyumba Dodoma: nihakiki nini kabla ya kusaini?

Mjenzi_Iyumbu: Wakuu, kiwanja kipo Iyumbu, nyumba ya vyumba vitatu, kibali cha ujenzi cha Jiji kimeshatoka. Mkandarasi anataka nusu ya fedha kabla hajachimba msingi. Nimpe?

Nondo12: Usimpe mkuu. Chukua namba yake ya usajili uihakiki Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB). Makandarasi wa majengo wana madaraja 7, la saba ndilo la chini, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina ukomo wa thamani ya kazi. Jina la kwenye cheti lifanane na la kwenye mkataba. Wapo wanaoazima vyeti, na nyumba ikipasuka huna wa kumshika.

Mama Ramani: Malipo yafuate hatua zilizokamilika: msingi, boma (kuta), lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), paa, umaliziaji. Kwenye kila malipo zuia asilimia 5 hadi 10 mpaka kipindi cha matazamio kiishe, yaani muda baada ya kukabidhiwa nyumba ambao mkandarasi anarekebisha kasoro.

Zege_Safi: Mimi ningeanzia kwenye udongo. Chimba shimo la majaribio kabla ya kukubaliana bei. Ukikuta udongo mweusi wa mbugani, huo huvimba masika na kusinyaa kiangazi, kuta zinapasuka kuanzia kwenye kona za madirisha. Msingi wake lazima uchorwe na mhandisi, na gharama hupanda.

Halafu maji! Hewa ya Dodoma ni kavu, zege lisipomwagiliwa siku 7 linachanika juu. Andikeni kwenye mkataba nani analipia boza la maji.

Mjenzi_Iyumbu: Asanteni sana. Shimo linachimbwa kwanza.