Naomba ushauri: ruzuku za NIH (taasisi za serikali ya Marekani za utafiti wa afya) kwa sisi washirika wa nje

Habarini wakuu. Niko Mwanza, naandaa andiko la utafiti wa malaria na chuo kimoja cha Marekani. Zamani wao waliomba NIH, sisi tukapata fungu letu kupitia kwao. Tangu tangazo la Mei 2025 njia hiyo imefungwa. Mshirika wa nje anatakiwa awe na ruzuku yake, iliyounganishwa na ile kuu. Bajeti yetu, hadi dizeli ya Land Cruiser, bado imo kwenye jedwali lao. Nimewaandikia mara mbili, jibu ni "subirini kidogo". (Kidogo gani hiyo?)

Kuna aliyeshaomba kwa mfumo mpya? Bajeti mliitenganishaje? Na usajili wa SAM (mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanaoomba fedha zake), tuanze sasa au tuwangoje wenzetu?