Nimepata mashine ya kusikia kwa msaada wa mtu asiyetaka hela, nimshukuruje?

mke_wa_makorora:
Habari zenu wadau, mie niko Tanga mjini, naombeni mawazo maana mume wangu keshachoka kunisikiliza.

Sikio la kulia lilikufa nikiwa mdogo, mama anasema ni homa kali na sindano nyingi, la kushoto likawa linapungua polepole mpaka nikawa naishi kwa kuitikia "eeh" hata nisichokisikia. Mtu anauliza mgonjwa anaendeleaje najibu asante nimeshakula. Mtaani wakaniona nina maringo, napitwa na salamu siitikii.

Basi siku moja sokoni nabishana na muuza dagaa, yeye kasema mia tano mie nimesikia mia nane, nyuma yangu kuna mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, na yeye anavaa mashine masikio yote mawili. Hakucheka. Alinishika mkono akaandika namba yake kwenye karatasi ya dagaa. Toka hapo kanipeleka kwenye vipimo, kakaa na mie foleni mara tatu, mpaka nikapata mashine ya kushoto.

Wiki ya kwanza nilitaka kuitupa wallahi. Alfajiri jirani anafagia uwanja kwa fagio la chelewa mie nadhani mtu anachana bati. Nikaivua nikaificha kabatini. Jioni mwalimu akaja, akaniambia leo ivae saa moja tu, humu humu jikoni, mie na wewe tunakuna nazi. Tukakuna nazi. Kwahiyo sauti ya kwanza niliyoizoea ni ya mbuzi inavyokwaruza kifuu, hata leo nikiisikia natabasamu kama mjinga.

Sasa nikimpa nauli anakataa. Nikampelekea doti ya khanga, kaipokea kwa adabu zote, wiki ya pili naiona kavaa mama mwingine anayemhudumia! Mume wangu anasema mnunulie kuku muachane. Nifanyeje?

fundi_baiskeli:
Mumeo yuko sahihi dada, kuku hakataliwi 😂

Ila umenigusa mwenzio. Mzee wangu alifanya kazi korona ya mkonge huko mashambani miaka mingi, ile mashine ya kusaga majani inavyonguruma hata upigiwe kelele sikioni huambulii kitu, na enzi hizo nani akupe hata pamba. Katoka hapo nusu kiziwi. Saa hizi hakai tena barazani maana bao na kahawa vyataka maongezi, wenzie wakicheka yeye anacheka sekunde mbili baadae, kashajua kwamba wameshajua. Mie namnunulia kila kitu ila hicho sina pa kukinunua. Kama unatafuta pa kupeleka hiyo shukrani mlango uko wazi, sisemi kwa utani.

mikono_inasema:
Mimi ni kiziwi toka utotoni sivai mashine, natumia lugha ya alama na maisha yanaenda. Nasema hivyo kwasababu humu naona watu wanaanza kutulilia na sio wote tunatafuta masikio.

Dada nakupongeza, hapa nimenyanyua mikono yote nairusharusha hewani, ndo makofi yetu hayo. Lakini kuhusu kujitolea nitasema ukweli, watu tunawapata wengi wiki ya viziwi mwezi wa tisa, tarehe 23 siku ya lugha ya alama tisheti mpya picha kibao, mwezi wa kumi hakuna anaekumbuka. CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kipo toka 1983, watafute, jifunze alama hata kidogo kidogo.

Na kama unataka kazi isiyohitaji hela, hospitali ipo. Mtu wetu anafika saa kumi na mbili asubuhi, wanamwita kwa jina, hasikii, wanamruka, anakuja kugundua saa sita watu wameisha. Wewe kaa nae pale benchi tu, mwambie karani huyu umwite kwa mkono. Utakuwa umefanya kuliko hizo tisheti.

bi_mdogo_bwagamoyo:
Niko Bagamoyo, joto na unyevu wetu sawa na wenu. Mie naongezea la betri maana ndo linaua mashine nyingi, nimeshaona mwenyewe mashine za msaada zimelala kwenye droo sababu mtu alinunua zenye karatasi ya kahawia (saizi 312) wakati yake inataka za rangi ya chungwa (saizi 13), hazikai sawa, kakata tamaa. Halafu betri hizi zinavuta hewa, ukishabandua ile karatasi subiri kama dakika moja hivi ndo uziweke, na usibandue kama huitumii leo. Usiku fungua kimlango cha betri, iweke mashine kwenye kopo lenye vile vipakti vya kwenye maboksi ya viatu. Ile plastiki ya sikioni itenganishe na mashine kwanza ndo uioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikauke kabisa ndo irudi. Kuna mtu alitumbukiza vyote pamoja kwenye bakuli, inna lillahi.

Watu wanasifia upasuaji wa kupandikiza kifaa cha usikivu pale Muhimbili, ulianza 2017, ni jambo kubwa kweli, lakini hata huyo aliyepandikizwa anataka mtu wa kukaa nae siku baada ya siku azoee sauti. Hao wa kukaa nae ndo hawapatikani. Mwalimu wako alikufanyia hicho hicho na mbuzi ya nazi.

mke_wa_makorora:
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. @mikono_inasema umenisema kidogo ila nimekubali, jumatano nina nafasi, nitaanzia kwenye benchi.

Kuku nimepeleka pia. Huyo kampokea, na tena kauliza mbona jogoo 😅

@fundi_baiskeli nimekutumia meseji. Nataka nije kwa mzee alhamisi jioni na buli la kahawa, sitamlazimisha vipimo wala nini, tutakaa tu. Anakunywa chungu au ya tangawizi?

fundi_baiskeli:
Chungu. Na ukae kushoto kwake.