Kikundi: UKOO WA MIKINDANI 🌴

Shangazi Somoe: Assalam alaykum wanangu. Issa mmefika wapi na safari yenu ya Dar, mbona kimya tangu jana magharibi

Mwanahawa: Waalaykum salaam shangazi, shkamoo. Tupo Nangurukuru, tumelala humuhumu kwenye hii Coaster Issa aliyoigeuza nyumba na asubuhi gari imegoma kuwaka

Shangazi Somoe: Marahaba mwanangu. Yarabi! Si mlisema Lindi mmepita salama?

Mwanahawa: Mbele alipokaa dereva kulikuwa salama, huku nyuma ilikuwa vita. Tumetoka nyumbani makabati hayajafungwa hata moja, tuta la Mnazi Mmoja kalivaa mzimamzima mlango wa friji ukafunguka, mchuzi wa pweza wote chini, watoto wanateleza, sahani ndo usiseme

Issa: Mchuzi kidogo tu huo msimsikilize. Na lile tuta halionekani

Zainabu: 😂😂 kaka tuta la miaka yote hilo

Hamisi Fundi: Shem ukiwasha inasemaje? Kimya au inalia

Mwanahawa: Inalia tikitikitiki shemeji afu taa za dashibodi zinafifia

Hamisi Fundi: Betri imekwisha hiyo. Friji ililala inawaka?

Issa: Sasa ulitaka samaki waoze?

Hamisi Fundi: Ndo ile niliyokwambia gereji ukasema nataka kula hela yako. Gari ya kulala inatakiwa iwe na betri yake ya ndani, ya friji na taa na pampu ya maji, mbali na ile ya kuwashia, katikati unaweka rilei, swichi inayoziunga na kuzitenganisha yenyewe. Injini ikiwaka zinachaji zote, ukizima zinatengana, friji ikinywa inywe ya ndani tu asubuhi bado unawasha gari. Wewe umeunga vyote sehemu moja

Issa: Haya tushaelewa mwalimu, sa hivi tufanyeje. Kuna jamaa hapa ana Noah anataka kutubusti kwa betri yake

Hamisi Fundi: USITHUBUTU!! Hiyo Coaster yako ina betri mbili za 12 zimefuatanishwa inakuwa volti 24, Noah ni 12, mtaunguziana vitu. Tafuta fuso, hapo njia panda ya Kilwa Masoko malori hayakosekani

Mjomba Dadi: Issa mjomba, na mtungi wa gesi umeufunga au unatembea nao wazi

Mwanahawa: Shkamoo mjomba. Umefungwa na kamba ya katani mguuni mwa kitanda, koki nimeifunga mimi mwenyewe tulipofika Mchinga maana nilisikia harufu

Mjomba Dadi: Marahaba. Hapo umetuokoa mama. Ile gesi nzito kuliko hewa, haipandi, inatambaa sakafuni mlipolaza watoto, ndo maana wanatoboa matundu chini siyo juu. Koki inafungwa kabla gari haijaondoka, kila safari

Zainabu: Wifi ila usingizi mmepata?

Mwanahawa: Usingizi gani wifi, kapaki kwenye mteremko tumelala vichwa chini miguu juu, kila nikigeuka naporomoka. Maji ya sinki hayatoki yamejaa upande. Na kwenye paa kuna tundu, kile kifeni cha juu kimebaki kwenye tawi la mwembe, mwenzenu anaendesha kama yumo kwenye kigari chake kile cha zamani

Zainabu: Na choo?

Mwanahawa: Choo sizungumzi mbele ya wakwe

Shangazi Somoe: 🤣🤣 Astaghfirullah

Mjomba Dadi: Ningekuwa mie ningelala nayo kwanza uani usiku mmoja, au mnakwenda Msimbati mnarudi, mnajua kipi kinavuja kipi kinalia. Mtu anatoka moja kwa moja kwenda Dar! Ingawa na sisi kabla daraja la Mkapa la mto Rufiji halijafunguliwa 2003 tulilala sana kwenye malori pale Ndundu tukisubiri kivuko, ila sie hatukuwa na friji la kutumalizia betri

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti

Zainabu: Kwa msio na bando, bibi anauliza ming'oko yake, vile viazi pori, imefika au nayo imemwagika

Mwanahawa: Ming'oko salama bibi, ndo tunayokula sa hivi maana mchuzi ndo hivyo tena

Issa: Fuso limepatikana. Dereva mtu wa Newala, kakataa hela anataka korosho

Hamisi Fundi: Mpe. Ikiwaka usizime mpaka Ikwiriri huko, na friji zima kabisa. Yale maji pia punguza, umejaza lita 200 hizo ni kilo 200 unazibeba bure wakati njiani kote maji yapo

Mwanahawa: IMEWAKAAA alhamdulillah

Shangazi Somoe: Alhamdulillah. Taratibu Issa

Hamisi Fundi: Kabla hujaondoka zunguka gari yote kwa miguu. Madirisha, makabati, ngazi ya mlangoni

Hamisi Fundi: Issa

Hamisi Fundi: Ngazi umepandisha?

Mwanahawa: Shemeji tushaondoka. Kuna bodaboda anatukimbiza anapiga honi anaonyesha mlangoni

Hamisi Fundi: Simameni